Kumi na Mmoja wa Katikati

Habari ilinifikia nikiwa nabishana na mteja juu ya bei ya kulaminisha cheti cha ubatizo. Simu ikaita, namba ngeni kutoka Katesh, na sauti ya mwanamke niliyemfahamu kwa salamu za mbali tu, mke wa mteja wangu wa zamani, ikasema: "Shemeji, mzee wetu ametutoka alfajiri ya leo." Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimesikia vizuri, ila ndiyo tabia yangu: kitu cha kwanza nakisikia, cha pili nakihakiki. Akarudia kwa upole ule ule, akaongeza kwamba ni presha, kwamba mzee aliamka kwa ajili ya swala akaketi kitandani avae soksi, na soksi ya pili hakuivaa. Maziko yalikuwa mchana huo huo. Nilipoweka simu chini, mteja wangu akauliza kama bado nashikilia bei yangu. Nikamlaminishia bure, jambo ambalo halijawahi kutokea katika steshenari ile tangu niifungue, naye akakigeuza cheti mara kadhaa akitafuta kasoro.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wanajua sina mazoea ya kulia gazetini. Huwa nalia juu ya bei ya mbolea na mashimo ya barabara, basi. Na marehemu hakuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alikuwa mtu wa kufahamiana naye, mteja msumbufu mwenye hoja nyingi, ambaye akiingia dukani ulijua nusu ya asubuhi imekwenda. Ninamwandikia kwa sababu ameondoka na neno ambalo halikuwa lake peke yake. Yupo mama mmoja Bashay aliyepoteza jicho lake lililobaki kwa sababu mstari mmoja wa maandishi uliingia mahali pasipo pake. Mama huyo alistahili kuelezwa hivyo, na aliyepaswa kumweleza ni marehemu. Nilipokuwa njiani kwenda Katesh sikujua kama alikwisha kuelezwa au la. Nilikuja kujua, na tangu siku hiyo sijatulia.

Alikuwa mtu wa takwimu katika kazi za afya, aliyeletwa kwetu Mbulu kutoka mikoa ya kusini, huko ambako watu hulalamikia joto. Baridi yetu ilimwonea. Alivaa sweta mbili, moja ya kuonekana na moja ya kusaidia, na mwezi wa saba alizungumza huku meno yameshikana kama mtu anayeficha siri. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijua kazi yake na alitaka ujue kwamba anaijua, na kama hukuuliza alikueleza hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliyokuja kwangu alileta faili la majina ya kaya zitakazopewa vyandarua. Nikalifungua. Jina, chini yake kijiji, chini yake kitongoji, chini yake idadi ya watu, halafu jina jingine, na kuendelea, kila kitu katika mstari wake, foleni moja ndefu isiyo na mwisho. Nilifurahi. Mtu mwenye duka la kuchapisha akiona faili refu namna ile huona ada ya shule.

"Hii itakula karatasi, mzee," nikamwambia. "Tupatane kabisa kwa rimu."

"Nani kakwambia nachapa hivi? Sogea, kaka."

"Hiyo kompyuta ni ya biashara."

"Ndiyo maana nakuonyesha biashara."

Akafungua kile kidirisha cheusi ambacho mimi nilikuwa nadhani hutokea tu kompyuta ikiugua. Akaandika neno paste, akaruka nafasi, akapiga vistari vinne, kila kimoja na nafasi yake, kama mtu anayedondosha mbegu shambani. Akabonyeza. Ile foleni ndefu ikajikunja mbele ya macho yangu: jina, kijiji, kitongoji, idadi, vyote ubavu kwa ubavu katika mstari mmoja, halafu chini yake kaya ya pili, na ya tatu. Akaongeza neno jingine, column, safu zikanyooka kama matuta ya maharage ya mtu asiye na haraka. Karatasi nilizokuwa nimekwisha kuzihesabia faida zikawa robo yake. "Kila kistari ni mdomo," akanieleza, kwa sauti ya kutaka na wateja wengine wasikie. "Mdomo wa kwanza unakula mstari wa kwanza, wa pili unakula wa pili. Wote wanne wakishakula, wanaanza upya." Nikamuuliza, kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa rimu, itakuwaje mdomo mmoja ukinyimwa. Akacheka. "Mashine hainyimi mtu. Binadamu ndiye ananyima."

Nilimchukia kidogo, na nikawa mwanafunzi wake. Alikuja karibu kila wiki, na kila mara tulibishana bei kwanza kana kwamba hatujawahi kuonana. Alikuwa fundi wa kubana maneno yaingie kwenye karatasi chache, nami nilikuwa fundi wa kupandisha bei ya hizo chache. Nilikuja kuona kwamba watu walioandikwa kwa safu hupendeza. Orodha ndefu ya foleni inakukumbusha kwamba hujui lolote juu ya watu hawa. Ikipangwa safu nne zenye vichwa vya herufi nene, unadhani umekwisha kuwahudumia. Bosi huiangalia, hutikisa kichwa kwa kuridhika, huweka sahihi. Nimechapa orodha nyingi sana za namna hiyo katika maisha yangu, na nimegundua jambo moja juu ya wanaozipokea: hutazama mistari michache ya juu, wakiwa makini sana hutazama na ya mwisho, kisha huuliza stepla iko wapi.

Miaka michache iliyopita ikaja habari kwamba madaktari wa macho watapiga kambi ya siku chache katika hospitali moja huku kwetu, kwa ajili ya watu wenye vikope. Wanaojua ugonjwa huo hawahitaji maelezo. Kwa wengine, ni ule ambao kope hugeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho kila unapopepesa. Upasuaji wake ni mdogo, kope zinageuzwa, mtu anarudi nyumbani. Ukichelewa, jicho linachubuka na kufanya kovu, na kovu la jicho halina daktari kwetu. Marehemu ndiye aliyepewa kazi ya orodha. Akawaita semina wahudumu wa afya wa vijijini, akawafundisha: kila mgonjwa mistari minne katika meseji, jina, kijiji, jicho gani, namba ya simu. "Msiniletee salamu," akawaambia, "leteni watu." Walicheka, lakini lilikuwa jambo zito. Mtu wa huku hawezi kumtumia mzee majina bila shikamoo. Angejiona amemtupia kama mfupa. Wengi walitafuta njia ya katikati: walimpigia kwanza, wakamsalimu, wakaulizana habari za nyumbani na mifugo, wakakata, ndipo wakatuma majina matupu. Simu yake siku zile haikupumzika.

Meseji zote zikahamishiwa kwenye faili moja, akaja nalo dukani. Endagikot, Bashay, Daudi, na kata nyingine zote, foleni moja. Akahesabu mistari, akagawanya kwa nne, haikubaki hata mmoja. Nami nikahesabu kwa njia yangu, kisha nikahesabu tena, ikakubali. Akalinganisha na idadi ya wagonjwa walioripotiwa, ikakubali. Akaandika paste yake na vistari vinne, safu zikasimama. Tukatazama juu: sawasawa. Tukatazama mwisho: sawasawa. Nikachapa. Faili lenyewe likaenda kwenye mtambo wa kutuma meseji kwa mkupuo, ule unaochukua namba iliyo kwenye safu ya nne na kumwambia mwenye namba siku yake ya kufika. Wagonjwa walikuwa wameambiwa kwa mkazo kwamba asiyeitwa asije, kwa sababu vitanda ni vichache. Mtambo ukamaliza kazi ukaandika kwamba zoezi limekamilika. Marehemu akanunua chai kwa watu wote waliokuwepo dukani, na hilo pia halikuwa la kawaida.

Kambi ilipokuwa imebakiza siku moja na nusu, alikuwa kwangu tena anachapa fomu za kuwaruhusu wagonjwa. Simu yake ikaita, akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mhudumu wa Bashay. Samahani mzee, watu wangu wanaitwa lini? Maana naona wa Daudi wamesharudi na bandeji zao."

"Bashay mmeitwa tangu juzi, binti yangu."

"Hapana mzee. Wamekaa na simu mkononi. Mmoja hata choo anaenda nayo. Nimewaambia asiyeitwa asiende, kama mlivyosema."

Akatoa orodha kwenye mkoba. Akapita ukurasa wa kwanza, akafika wa katikati, ule ambao hakuna aliyekuwa ameufungua. Akasoma. Kisha akanigeuzia. Chini ya kichwa kilichosema Jina, palikuwa pameandikwa kwa herufi nzuri zilizonyooka: Shikamoo mzee. Binti huyu alikuwa amechukua nafasi ya mwenzake aliyejifungua, semina hakuhudhuria, na hakuna aliyemweleza kwamba salamu zimepigwa marufuku. Salamu yake ikakalia kiti cha jina. Jina la mgonjwa wa kwanza likasukumwa chini ya Kijiji, kijiji kikasukumwa chini ya Jicho, jicho likakaa chini ya Simu, na namba ya simu ikaporomokea mstari unaofuata, ikakaa mahali pa jina la mtu mwingine. Hivyo hivyo, mtu akimsukuma mwenzake, Bashay nzima. Mtambo ulipotafuta namba ulikuta neno "kushoto", au "kulia". Mtambo haukulalamika, ulipita.

Na hesabu ilikubalije? Baada ya Bashay ilifuata Daudi, na mgonjwa wa kwanza wa Daudi alikuwa mzee asiye na simu. Mhudumu wake, mtu mwaminifu, hakutaka kuandika uongo. Mahali pa namba hakuandika kitu, wala hakuacha mstari mtupu. Mstari mmoja ukazidi Bashay, mstari mmoja ukapungua Daudi, jumla ikabaki pale pale. Kuanzia mtu wa pili wa Daudi kila kitu kikarudi mahali pake kama vile hakuna kilichotokea. Yule mzee mwenyewe hakupata shida, mhudumu wake alimwongoza kwa miguu hadi hospitali. Ila kati ya salamu ya mmoja na ukimya wa mwingine kulikuwa na watu kumi na mmoja wa Bashay ambao, kwa mujibu wa karatasi, walikuwepo, na kwa mujibu wa dunia hawakuwepo. Nimeishi kwa kuamini kwamba ukihesabu mara mbili hutapeliwi. Siku hiyo ningehesabu mara kumi, na mara zote kumi hesabu ingeniambia niko salama.

Mwalimu mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akadakia: "Huyo binti afukuzwe. Si uliwakataza salamu?"

Marehemu alikuwa tayari anavaa kofia ya pikipiki. "Amenisalimu, mwalimu. Unataka nimwandikie barua kwamba kosa lake ni heshima?"

"Basi kosa la nani?"

"Langu. Nilitaka watu waje kwangu kama mashine. Yeye akaja kama mtu."

Akakamata bodaboda, akaenda Bashay mwenyewe, nyumba kwa nyumba na yule binti. Waliokuwa shambani wakatolewa na matope miguuni. Mmoja alikataa kwenda akidai hawezi kuonekana mbele ya daktari na shati la kulimia, akapewa sweta ya juu ya marehemu. Kumi wakapatikana, kumi wakafanyiwa upasuaji kabla madaktari hawajafunga masanduku. Wa kumi na moja alikuwa mama mjane, mkulima wa vitunguu saumu, ambaye jicho la kushoto lilikwisha kupofuka na la kulia lilikuwa ndilo alilobaki nalo. Aliona majirani wa kata nyingine wakiitwa, akasubiri, akaona hakuitwa. Asubuhi ile ile alikuwa ameondoka kwenda Hanang, upande wa Basotu, kwa binti yake aliyejifungua. Simu haikupatikana. Marehemu alikaa kwenye ngazi ya hospitali akipiga namba ile mpaka gari la madaktari likatoka getini. Kambi nyingine ilichelewa sana kuja, na ilipokuja jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa kama kioo cha basi kilichosuguliwa kwa mchanga: mwanga unapita, mtu haonekani.

Baada ya hapo alibadilika kazini, na hilo lazima nimwandikie. Aliacha kuiamini jumla. Alitunga amri nyingine kwa kutumia kitu kinachoitwa awk, jina linalosikika kama kunguru aliyekabwa na punje, ambayo ilikuwa inapita kila mstari ikimuuliza wa nne: wewe ni namba ya simu kweli? Asiye namba anatajwa hadharani. Ile marufuku ya salamu aliifuta. Badala yake aliiagiza kompyuta izitambue salamu, izitoe pembeni kabla ya kukunja foleni, izihifadhi katika faili lao peke yao; na jioni alikaa akizijibu, marahaba moja baada ya nyingine, kwa gharama yake. Niliwahi kumtania kwamba amekuwa katibu wa shikamoo. Hakucheka. Alihamishiwa Hanang, akastaafia Katesh, akajenga huko karibu na ule mlima, mahali penye upepo kuliko hata kwetu, akavaa sweta zake.

Lakini kila msimu wa vitunguu saumu alikuja Bashay. Mara moja nilimsindikiza, kwa kuwa nami nilitaka gunia. Yule mama alikuwa amekaa barazani anapanga vitunguu kwa ukubwa, kwa vidole, na sikuona alipokosea. Marehemu akamsalimu, akauliza bei, akatajiwa, akalipa. Mtu aliyewahi kubishana nami kwa robo saa juu ya stepla moja!

"Baba, wewe huombi punguzo," mama akasema. "Mtu asiyeomba punguzo ana jambo."

"Sina jambo, mama. Vitunguu vyako ni vizuri."

"Hata hujavishika."

"Naona kwa macho."

Mara alipolitamka neno lile akauma mdomo. Mama hakuonekana kujali. Aliuliza tu kama huyo mwenzake naye haombi punguzo, nikamhakikishia kwamba mimi naomba, na tukapatana vizuri kabisa kwa kelele za kutosha. Njiani kurudi sikumuuliza kitu. Niliamini kwamba wanajuana, kwamba jambo lilikwisha kuzungumzwa zamani, na kwamba kununua kule kulikuwa namna yao ya kutolirudia.

Nilifika Katesh wamekwisha kuzika. Wanaume walikuwa chini ya turubai wakila wali, na vumbi la makaburini lilikuwa bado kwenye viatu vyao. Niliruhusiwa kumpa pole mjane nikiwa mlangoni, pazia likiwa kati yetu. Baada ya pole nikamwambia nitapeleka habari Bashay, kwa yule mama wa vitunguu, maana najua walikuwa watu wa karibu.

"Shemeji, utamwambia na lile jingine?"

"Lipi?"

"La macho. Hakumwambia."

"Miaka yote hii?"

"Kila msimu aliondoka hapa akisema, safari hii namwambia. Akirudi namuuliza, anasema safari ijayo. Mwisho nikachoka kuuliza. Alisema, nikimwambia atanifukuza, na akinifukuza sitakuwa na mahali pa kulipeleka hili jambo."

Nimewahi kuuza vitu vibovu kwa maneno matamu, lakini sikuwahi kubeba mzigo nisiotaka kumkabidhi mtu kama ule. Nilikwenda Bashay kabla sijafungua duka, maana nilijua nikilifungua nitapata sababu. Mama alikuwa anamenya, si kupanga. Nikamsalimu, nikaketi, nikamwambia yule mzee wa kusini amefariki. Akaweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba, akasema alikuwa mtu mwema ingawa vitunguu vyote vile hakujua alikuwa anavipeleka wapi. Ndipo nikamweleza. Nikaanza na foleni na mistari minne, nikaona napotea. Nikamwambia tu kwamba kwenye karatasi watu wa Bashay walisogezwa, kila mmoja akakaa mahali pa mwenzake, na simu haikuwafikia. Kwamba wenzake walifuatwa nyumbani, na yeye alikuwa ameshaondoka.

"Kwa hiyo jina langu lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama."

"Halikufutwa?"

"Halikufutwa na mtu yeyote. Nililichapa mimi mwenyewe."

Nilitarajia atalia, au atanifukuza kwa niaba ya marehemu. Mikono yake ikatulia juu ya vitunguu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma: "Mimi nilijua nimefutwa na shemeji yangu." Akanieleza kwamba ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba. Orodha ya wagonjwa ilipita mikononi mwake kuhakikiwa. Alipoona hakuitwa, na aliporudi kutoka Hanang akasikia wote kumi wamefuatwa mpaka mlangoni isipokuwa yeye, hakuhitaji shahidi. "Aliapa kanisani kwamba hakuligusa jina langu. Nikamwambia aape na kwa jicho langu. Sikutia mguu kwake tena. Alipougua aliniita mara mbili. Alipokufa watu walikwenda, mimi nilikaa hapa hapa, na nikafunga mlango wanapopita na jeneza." Akageuza uso wake upande wangu, akauliza swali ambalo nilikuwa sina bei yake: "Shemeji yangu alikufa lini, na yule mzee wako alikuwa ameanza kuja kununua? Kabla au baada?"

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa anauliza kama shemeji yake alifariki wakati marehemu alikuwa tayari anakuja kukaa kwenye baraza lile na kukosa maneno. Alijua jibu kuliko mimi. Shemeji, akaniambia, alifariki juzijuzi tu, misimu miwili baada ya ile safari niliyomsindikiza marehemu. Nikamwambia, "Alikuwa anakuja tayari, mama." Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Sijaandika haya kumhukumu mtu aliyelala Katesh. Nilimwona kwenye ngazi ya hospitali na simu sikioni, na sijaona afisa mwingine akipanda bodaboda kwenda kumwomba mgonjwa radhi shambani kwake. Wahenga walituambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wengi wetu tumeugeuza usemi huo kuwa ruhusa ya kunyamaza. Marehemu alijikwaa kidole mara moja tu, kwa neno moja na vistari vinne, na akarekebisha palipokuwa na njia ya kurekebisha. Jicho lilikwenda kwa bahati mbaya. Undugu wa nyumba mbili za Bashay haukwenda kwa bahati mbaya. Ulikwenda kidogo kidogo, msimu kwa msimu, huku mtu mwenye maneno matatu ya kuuokoa amekaa barazani analipa vitunguu bila kuomba punguzo. Alidhani siri ile inamuumiza yeye peke yake. Hakujua kwamba pasipo na maelezo, aliyeumia hujitengenezea yake, na humtafuta mtu wa kumbebesha.

Tunaishi katika nchi ya orodha. Pembejeo kwa orodha, dawa kwa orodha, mkopo kwa orodha, na kila siku vijana wenye kompyuta nzuri kuliko yangu wanakunja foleni za watu kuwa safu zinazopendeza. Kwenu ninyi nasema: fungueni na ukurasa wa katikati, msiridhike kwa kuwa jumla imekubali. Lakini mtakosea tu, kwa sababu mnaowaandika ni watu, na watu husalimia na watu hukosa simu. Mkishakosea, nendeni kwa aliyeumia mkiwa bado mnapumua, mseme jina lako lilikuwepo, ni sisi tuliolisogeza. Akikufukuza, umefukuzwa. Siku hiyo hiyo atajua nani hakumkosea, na huenda mtu huyo bado yuko hai, nyumba ya pili, anasubiri kuitwa.